Noti za jioni: uchambuzi wa kisa cha bibi na mjukuu katika soko la Majengo

Bibi mwenye miaka 69 anauza vyakula vikavu katika soko la Majengo, Dodoma mjini: choroko, karanga, mbaazi, kunde, na mlenda uliokaushwa na kusagwa. Anapima kwa kopo na sado, fedha anaitia kibindoni. Mjukuu wake wa miaka 22, mwanafunzi wa chuo kikuu, humsaidia jioni. Kwa miezi minne sasa hesabu za jioni hazikai sawa. Mara mbili bibi ametoa noti ya 5,000 mahali pa 2,000. Mteja akiomba kopo tisa, anapimiwa sita. Watu wawili wakimsemesha kwa pamoja husimama na noti mkononi kama aliyesahau alichokuwa akifanya. Wanawe wamekaa kikao na wamekaribia kuamua: akili zimeanza kumtoka, apumzishwe nyumbani. Mjukuu peke yake ameleta neno tofauti. Anasema asubuhi bibi hakosei.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na mambo ya kila siku sokoni, na namba za vipimo vya bibi na mjukuu ni za mfano. Yanayoelezwa kuhusu jicho, sikio na umakini ndiyo elimu yenyewe.

Neno la mjukuu ni zito, lakini halitoshi. Wapo wagonjwa wa kusahau ambao kweli huzidiwa na mkanganyiko jua linapotua, kwa hiyo kukosea jioni peke yake hakumwondolei bibi shaka. Tatizo ni kwamba jioni pale sokoni hubadilika mambo mengi kwa wakati mmoja. Mwanga unafifia, watu wanatoka kazini na kujazana, mashine za kusaga zinanguruma, na bibi amekaa pale tangu alfajiri. Familia iliona makosa ikayabebesha akili moja kwa moja. Mchambuzi hana budi kuyatenganisha mambo hayo, moja moja, kabla hajalitaja neno akili.

Kipimo chenyewe kinahitaji uangalifu. Bibi alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na lugha yake ya kwanza ni Kigogo. Mjukuu anafanya mitihani kila muhula na simu haimtoki mkononi. Ukiwapa wote wawili mtihani wa karatasi au wa kompyuta, utakachopima ni miaka ya shule. Hili ni kosa la kawaida katika kulinganisha vijana na wazee, na kwa wazee wa Tanzania ni baya zaidi, kwa sababu waliozaliwa miaka ya 1950 walikuwa watu wazima tayari mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1977. Basi kipimo kikatengenezwa kwa vitu ambavyo bibi anavishika kila siku: noti, bei na choroko.

Noti zilikuwa 40, kumi za 1,000, kumi za 2,000, kumi za 5,000 na kumi za 10,000, jumla shilingi 180,000, zilizotumika, si mpya za benki. Kazi ni kuzigawa katika mafungu manne. Unaandika sekunde na unaandika makosa, vyote viwili, kwa sababu ukiandika kimoja utadanganyika. Mwanasaikolojia Roger Ratcliff na wenzake, katika tafiti zao za kasi ya kuamua, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya uzito wa wazee kujibu hutokana na tahadhari: mzee hukusanya ushahidi zaidi kabla ya kusema ndiyo. Mtu wa namna hiyo ukimpima kwa saa tu utamwita mzito, ilhali amekataa kubahatisha.

Saa tatu asubuhi, kwenye mwanga wa nje, mjukuu alimaliza kwa sekunde 62 bila kosa, bibi kwa 93 bila kosa. Bibi ametumia muda mara moja na nusu ya mjukuu, na uwiano wa aina hiyo ndio unaoonekana tena na tena katika tafiti za kasi ya watu wa umri huu. Timothy Salthouse aliijengea nadharia mwaka 1996: kasi ya kuchakata taarifa hupungua, na kupungua huko peke yake kunaeleza sehemu kubwa ya tofauti nyingine tunazozihesabu kama za kumbukumbu au za kufikiri. Kwa asubuhi hiyo, hakuna cha kutibu.

Saa moja kasorobo jioni, bila taa, mjukuu alitumia sekunde 74 na kosa moja. Bibi alitumia 166, makosa sita. Hapohapo taa ikawashwa juu ya mikono yao: mjukuu 64 bila kosa, bibi 101 na kosa moja. Mtu makini atauliza kama bibi alipata nafuu kwa sababu alikuwa amezoea zoezi. Swali hilo ni la haki, na ndiyo maana kesho yake mpangilio uligeuzwa, taa kwanza kisha giza, na mjukuu akatangulia badala ya bibi. Makosa yalirudi taa ilipozimwa. Saa ni ileile, uchovu ni uleule, kilichobadilika ni mwanga tu. Shaka ya ugonjwa unaochachamaa jioni haikufutika kabisa, lakini ilipungua sana.

Sababu iko ndani ya jicho. Mboni ya mzee haipanuki gizani kama ya kijana, na lenzi huwa nene na kugeuka manjano. Mambo hayo mawili yakijumlishwa, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja ya mwanga unaofika kwenye retina ya mtu wa miaka 20. Bibi na mjukuu wakikaa kwenye kigoda kimoja bado hawako katika mwanga mmoja. Hapa Dodoma jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kutegemea mwezi, na magharibi yetu ni mafupi; dakika ishirini na kitu baadaye ni usiku. Kijana hupita dakika hizo bila kuziona. Kwa mzee ndizo za hatari, kwa kuwa bado hajaona haja ya taa.

Rangi nazo huondoka kwa zamu. Mwanga ukififia, nyekundu ndiyo huwahi kuwa nyeusi, kwa hiyo "msimbazi" wa 10,000 hupoteza wekundu wake ambao ndio alama watu wanayoitegemea. Lenzi ya manjano nayo huchuja bluu. Zambarau ya 5,000 ikishapunguziwa bluu husogea upande wa kahawia, na kahawia ndiyo rangi ya 2,000. Noti zikiwa mpya, faru wa 5,000 na simba wa 2,000 wanaonekana. Zikichakaa na kukunjwa mara nne kibindoni, mtu husoma rangi peke yake. Makosa matano kati ya yale sita yalikuwa ya jozi hiyohiyo, 2,000 na 5,000. Makosa yanayokaa mahali pamoja hivi yana chanzo kimoja. Mtu aliyechanganyikiwa angekosea kila upande.

Juu ya banda kulikuwa na turubai la bluu. Yafaa litajwe peke yake, kwa sababu nusu ya mabanda ya masoko yetu yana turubai hilo na hakuna anayelifikiria. Kila kilicho chini yake kinapakwa bluu mchana kutwa, na noti nyekundu huonekana zimekufa rangi hata saa nane mchana.

Miwani ya bibi ilikuwa ya nguvu 3.50, iliyonunuliwa kwa mchuuzi kwa kujaribu kusoma maandishi madogo. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 100 kwa nguvu ya lenzi upate umbali kwa sentimita. Lenzi ya 3.50 humwonyesha mtu wa umri huu vizuri kwenye sentimita 29 hivi. Bibi hushika noti mapajani, sentimita 50 kutoka usoni, na umbali huo unataka lenzi ya 2.00 kama macho yake yanaona mbali bila shida. Kwa miwani yake noti ni ukungu na sura ya mteja ni ukungu zaidi, ndiyo maana huivaa na kuivua, na kila akiivua hesabu aliyoishika inakatika. Miwani yenye nguvu kupita kiasi huweza kumsumbua muuzaji karibu sawa na kukosa miwani.

Kwa mzee wa Dodoma kuna swali la ziada ambalo daktari wa mahali pengine huenda asiliulize: trakoma, au vikope. Kongwa, wilaya ya mkoa huu wa Dodoma, imekuwa uwanja wa utafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na mikoa ya kati ilibeba mzigo mkubwa wake. Wanawake hupata makovu zaidi kuliko wanaume kwa sababu ndio wanaolea watoto wadogo, na watoto ndio wabebaji wakuu wa maambukizi. Kovu la utotoni hugeuza kope ndani zikakwangua jicho pole pole kwa miaka. Mtu anaweza bado kusoma herufi kubwa za ukutani huku uwezo wake wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana umeshuka vibaya. Mtoto wa jicho nao hufanya hivyo. Kwa hiyo kumsomesha bibi herufi nyeusi kwenye ubao mweupe hakutoshi. Kope zipinduliwe zikaguliwe kwa ndani, lenzi imulikwe.

Sasa sikio. Mjukuu alisimama nyuma ya bibi, hatua moja, akataja namba 20 kwa sauti ya kawaida, bibi akazirudia. Penye utulivu alipata 18. Karibu na mashine ya kusaga alipata 11. Mjukuu alipobadilishana naye nafasi alipata 20 na 19. Lakini idadi haisemi kitu mpaka uangalie zipi zilikosewa. Kati ya tisa alizokosa penye kelele, saba zilikuwa sita badala ya tisa, tisa badala ya sita, sitini badala ya tisini.

Tamka polepole: sita, tisa. Irabu ni zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule. Kinachoyatenganisha ni nani ametangulia, s au t. Uzee hula kwanza sauti nyembamba, na mvumo wa s uko juu ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,000, wakati nguvu kubwa ya irabu iko chini, karibu na hezi 1,000 na pungufu. Mashine ikinguruma, bibi anabaki na "i-a" tupu, na yale maneno mawili yamekuwa neno moja. Saba, nane na tano hazimsumbui kwa sababu irabu zake zinajitofautisha. Kutazama midomo hakusaidii pia: b ya saba inafunga midomo ukaiona, lakini s na t zote zinatengenezwa ndani, kwenye ufizi, midomo haisemi lolote. Na kwa kuwa Kiswahili ni lugha yake ya pili, bibi hana akiba kubwa ya kubashiri penye kelele kama aliyo nayo mjukuu.

Watu humpigia kelele. Ni kosa la huruma, lakini ni kosa: mtu akipaza sauti anaongeza nguvu ya irabu, ambazo bibi tayari anazisikia, na konsonanti zinabaki nyuma. Kinachofaa ni kusogea mbele yake, kupunguza kasi, na kuonyesha vidole au kuandika namba kwenye simu. Nta ikaguliwe masikioni kabla ya yote. Ni sababu ya dakika kumi ambayo huwatesa watu kwa miaka.

Baada ya jicho na sikio ndipo tunafika kwenye umakini wenyewe, na hapa ukweli usifunikwe: tofauti ipo. Bibi alitoa chenji mara kumi akiwa ametulia, asubuhi, bila kosa. Akatoa mara kumi tena huku anaulizwa bei za vitu vingine, akakosea mara tatu. Mjukuu kwa zoezi hilohilo alikosea mara moja. Mwanga ulikuwa mzuri, maswali yalitoka mbele yake, hapakuwa na mashine. Hiki ndicho kilichobaki baada ya kuondoa macho na masikio, na kinalingana na yale Paul Verhaeghen na wenzake waliyoyapata walipokusanya tafiti nyingi: kazi nyingi zinazoonekana kuharibiwa na uzee huwa zimecheleweshwa tu, lakini kushika kazi mbili kwa wakati mmoja kuna gharama ya ziada isiyoelezwa na kasi peke yake. Lynn Hasher na Rose Zacks mwaka 1988 walipendekeza kwamba mzee huona ugumu wa kufungia nje yasiyohusika. Maongezi ya banda la jirani, ambayo mjukuu hayasikii tena, kwa bibi yanaingia na kuchukua nafasi.

Makosa hayo matatu yalitokea sehemu moja. Mteja ametoa noti, bibi ameitia kibindoni, ameulizwa bei ya karanga, amejibu, kisha amegeuka kutoa chenji na hajui tena alipewa ngapi. Noti iliyokuwa ushahidi imeshachanganyika na nyingine.

Upo uwezo mmoja ambao uzee haujaugusa sana, nao una faida hapa: mzee akidokezwa mapema pa kuelekeza umakini, hunufaika kama kijana. Mila yetu ina kidokezo hicho tayari. Mteja anayesema "Shikamoo bibi" akangoja "Marahaba" ndipo ataje anachotaka, ameshamgeuza bibi, ameshafunga yale ya jirani, na ameshaleta uso mbele yake. Anayetupa oda akiwa nyuma ya mgongo, "niwekee choroko kopo sita", amepoteza nusu ya maneno kabla bibi hajajua ni yeye anayesemeshwa.

Na yapo ambayo bibi anamshinda mjukuu waziwazi. Sinia la choroko lilitiwa vijiwe kumi vya kijani kibichi vinavyofanana nazo. Kutafuta kitu kinachojitenga kwa rangi, kama jiwe jeupe, ni rahisi kwa umri wowote. Kutafuta kitu kinachoshiriki rangi na wenzake na kutofautiana kwa umbo tu ndiko huwachelewesha wazee maabara. Bibi alitoa vyote kumi kabla mjukuu hajafika cha sita. Miaka arobaini ya kuchambua imemfundisha jicho lake pa kupita, na mkono unahisi uzito wa jiwe kabla jicho halijathibitisha. Si kila kitu hushuka kwa umri hata bila mazoezi: mwaka 2005 Lisa Betts na wenzake, nchini Kanada, walionyesha kuwa wazee hutambua mwelekeo wa mwendo wa maumbo makubwa yenye weusi na weupe mkali kwa haraka kuliko vijana. Mfano huo mmoja unatosha kukataa picha ya uzee kama mteremko mmoja.

Saa ya kupimia nayo ina uzito. Cynthia May na Hasher walionyesha mwaka 1993 kwamba wazee wengi wako kwenye ubora wao asubuhi na vijana wengi baadaye mchana. Ukiwapima wote saa kumi alasiri, tofauti unayoiandika ni ya umri na ya saa kwa pamoja, na hutaweza kuzitenga tena.

Yaliyofanyika bandani yalikuwa ya gharama ndogo. Turubai la bluu likatolewa, likawekwa jeupe. Taa ikafungwa mbele kidogo upande wa kushoto, imulike mikono bila kuchoma macho, na inawashwa saa kumi na mbili kamili, mtu asisubiri giza. Kibindo kikabadilishwa na mkoba wa mifuko minne iliyopangwa daima kwa mpangilio mmoja, na 10,000 ina zipu yake. Noti ya mteja hukaa juu ya gunia, imekandamizwa na kopo, mpaka chenji itoke. Kanuni hii peke yake inaua lile kosa la kibindoni. Namba sita na tisa hurudiwa kwa vidole. Mjukuu alitaka kuchukua uuzaji wote wa jioni, na hilo tunalipinga: bibi anajua bei, uzito na wateja, na kumwondoa kungemnyima mazoezi yanayomshikilia. Mjukuu amechukua malipo ya simu tu, yenye ujumbe wa herufi ndogo, na anampokea mteja wa pili ili bibi amalize wa kwanza.

Njia ya kurudi nyumbani ina hesabu yake. Barabara ya mita 7 bibi huivuka kwa sekunde nane hivi, mjukuu kwa tano na nusu. Gari la kilomita 60 kwa saa hupita mita 130 katika muda wa bibi na mita 90 katika muda wa mjukuu. Wazee wengi huamua kwa umbali wa gari zaidi kuliko kwa kasi yake, na bodaboda yenye taa moja hudanganya vyote viwili. Wavuke pamoja, na bibi ndiye aseme twende, kwa kuwa ndiye mwenye mwendo wa polepole.

Yapo mambo ambayo yangeuvunja uchambuzi huu wote na kumpeleka bibi hospitali siku hiyohiyo: mabadiliko yaliyokuja ghafla, mdomo kupinda au mkono kulegea, kuchanganyikiwa kunakopanda na kushuka ndani ya saa chache, homa. Wengine wafike ndani ya wiki chache: anayepotea njia aliyoizoea, anayesahau bei ya kitu alichokiuza kwa miaka, anayeshindwa kuitambua noti juani akiwa na miwani sahihi. Daktari aelezwe pia dawa zote, zikiwemo za mafua za kununua dukani. Baadhi ya vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi huwavuruga wazee kwa kiwango ambacho kijana hakijui. Bibi hakuwa na dalili hizo, lakini macho yake yalikuwa hayajawahi kukaguliwa. Hiyo ni safari ya kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa, asubuhi, na miwani yake ya 3.50 mkononi.

Vipimo vitarudiwa baada ya miezi mitatu kwa noti zilezile 40, saa moja kasorobo, taa ikiwa imewashwa, mjukuu akianza. Kinachoangaliwa safari hii ni lile zoezi la chenji na maswali. Makosa matatu yakibaki matatu, kanuni ya kopo juu ya noti inaendelea. Yakiwa sita au saba mahali penye mwanga mzuri na utulivu, kikao cha familia kiitwe upya, na bibi awepo.